Uso wa Baba kwenye Ukurasa wa Kwanza

Tovuti ya kwanza ya nyumba yetu ya wageni niliitengeneza kwa simu, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jikoni, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipokuwa unashika. Nyumba iko Kasese, upande wa barabara inayopanda kuelekea milimani. Ni vyumba vitano kwa mstari mmoja, na ua wa saruji mbele yake. Baba aliijenga chumba baada ya chumba. Alianza kama mpagazi wa kuwabebea wageni mizigo kule juu kwenye theluji, baadaye akawa anawaongoza, na kila aliposhuka nao alikuwa anawaleta kwetu kuoga, kula na kulala kabla hawajaendelea na safari yao. Hatukuwa na kibao barabarani. Wageni walikuja nyuma yake kama vifaranga, wamechoka, viatu vimejaa tope, na mama alikuwa tayari ameweka maji ya moto.

Baba alipofariki, maji ya moto yaliendelea kwa muda. Mama aliamka, akawasha moto, akabandika sufuria kubwa. Maji yakachemka, yakapoa. Kisha siku moja akabandika sufuria ndogo.

Mimi ni mtoto wa mwisho, na ndiye msichana pekee aliyebaki nyumbani. Niliacha shule baada ya darasa la saba, na tangu hapo kazi yangu imekuwa mashuka: kufua, kuanika, kupiga pasi, kutandika. Ni kazi isiyodai maneno, na mimi mtu akinitazama maneno hunikimbia. Wageni walipoacha kuja niliendelea kutandika vitanda vilevile. Nilitoa mashuka safi, nikaweka mashuka safi. Sikuwa na huzuni ile ya kulia. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa, unauona ni wako lakini ukiubonyeza hausikii.

Baba mkubwa, kaka yake baba, anaishi Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na ndiye mkubwa wa ukoo. Siku moja alikuja na mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kulekule mpakani, kalamu iko sikioni. Walizunguka nyumba wakigonga kuta kwa vidole. Kisha wakaketi, mama akawapa chai, baba mkubwa akasema:

“Shemeji, hii nyumba iko inalala bure. Bageni beko wapi?”

“Watakuja.”

“Watakuja na nani? Mutu aliyekuwa anabaleta tulimuzika. Huyu muzee anatafuta fasi ya kuweka saruji na mabati. Wewe utakuja Bwera. Kule kuko shamba, kuko kahawa, kuko batu.”

“Kule ni kwako, shemeji. Hapa ni kwangu.”

“Hapa ni kwa ndugu yangu.”

“Ndiyo. Na mimi nilikuwa nani wake? Mpangaji?”

Mzee wa saruji alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akajifanya anakohoa.

Baba mkubwa si mtu mbaya. Alikuwa anaogopa nyumba isiharibikie mikononi mwa mjane, halafu ukoo umuulize yeye. Alisema atasubiri mpaka kiangazi, majira ambayo watu wanapanda mlima. Vyumba vikiwa bado vitupu, mzee wa saruji ataingia na mama atahamia Bwera. Mama aliitikia kwa kichwa. Yeye ni mtu wa Butembo, ng’ambo ya mpaka, na alikuja huku na kitenge alichovaa na kingine kichwani. Jioni tukiosha vikombe aliniambia kwamba nyumba hii ndiyo ya kwanza maishani mwake ambayo mlango anaufunga mwenyewe kutoka ndani. Nilifuta vikombe nikavipanga.

Ndiyo sababu ya tovuti. Tangazo la programu ya kutengenezea lilikuwa linanijia kwenye simu kila siku: jitengenezee mwenyewe, bila fundi, kwa dakika chache. Nilifikiri, kama wageni hawana tena mtu wa kuwaleta, basi labda wataletwa na hii.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi, siwezi kuisema vibaya. Inakuonyesha kurasa za mfano, unachagua mmoja, kisha unatoa vitu vyao unaweka vyako. Mfano niliochagua ulikuwa wa hoteli yenye bwawa la kuogelea, na mwanamke wa Kizungu ameshika kikombe akitazama bahari. Nilimtoa yule mwanamke. Nikatoa na bahari. Palipokuwa na bwawa niliweka ua wetu wa saruji, na kamba ya nguo ikaonekana ndani ya picha na shuka moja juu yake. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni kile cha darasa la saba, kwa hiyo mengi niliyaacha kama nilivyoyakuta. Mengine niliandika mimi. Naandika polepole, natafuta herufi moja moja, na programu ilikuwa inachoka kunisubiri, inazima, naanza upya. Kwa muda mrefu nyumba yetu ilikuwa inawaahidi watu kukandwa mwili kwa mafuta. Mama aliposomewa na jirani aliuliza, “Nani atawakanda? Mimi?”

Juu kabisa palikuwa na nafasi ya picha kubwa, ile inayoonekana kabla ya kitu kingine chochote. Programu iliandika: weka hapa picha inayoonyesha ninyi ni nani. Sikufikiri hata kidogo. Niliweka bango la baba.

Kwetu mtu akifariki, familia inachapisha bango la plastiki na kulitundika uani siku za msiba. La baba lilikuwa na uso wake katikati ya mawingu ya bluu, njiwa mmoja kila upande, jina lake juu, tarehe zake mbili chini, na maneno kwamba amelala katika Bwana. Waombolezaji walipiga picha mbele yake. Baada ya msiba tulilihamishia sebuleni, na bado lilikuwepo pale, juu ya kabati la vyombo. Nililipiga picha kwa simu. Programu ikamkata paji la uso. Nikamshusha, ikamkata kidevu. Nilihangaika naye siku nzima, nikimpandisha na kumshusha kwa kidole, mpaka akatosha kuanzia nyusi hadi kidevuni, na njiwa mmoja akabaki nje.

Tulikwenda Bwera kuuonyesha ukoo ile tovuti. Simu ilizunguka mkono kwa mkono sebuleni kwa baba mkubwa. Shangazi aliifunika kwa mtandio wake akalia. Wengine walisema ni kazi nzuri, kwamba kumbe hata sisi tunaweza bila kumwita mtu wa Kampala. Baba mkubwa aliishika mbali na macho yake.

“Umemuweka vizuri,” akasema. “Lakini haitoshi. Andika mazishi ilikuwa wapi. Andika batoto alioacha, na bajukuu. Na sisi ndugu zake.”

Niliandika pale pale, nimekaa mkekani, wote wakinisubiri.

“Sasa iko nyumba ya mutu,” akasema. “Mutu akifungua, anajua ni kwa nani.”

Simu ilipomfikia mama, aliugusa uso wa baba kwa kidole gumba, na picha ikasogea juu ikatoweka. Aliondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria. Nilimrudishia picha. Hakuigusa tena.

Tulisambaza anwani ya tovuti kwa kila tuliyemjua, na watu walifungua kwelikweli. Programu ilikuwa na kisanduku cha ujumbe, na ujumbe ulianza kuingia. Poleni sana. Mungu awatie nguvu. Alikuwa mtu wa watu. Baadaye ukaanza kuingia wa Kiingereza, mrefu zaidi, kutoka kwa watu wenye majina ya mbali. Nilitafuta neno la pole, nikalikuta karibu kila mahali pale mwanzoni. Mtu aliyekupa pole haachwi bila jibu, hilo ndilo nililolelewa nalo, kwa hiyo niliwajibu wote, mmoja mmoja: asante, Mungu awabariki. Niliona ni kazi inayonifaa. Hakuna aliyekuwa ananitazama.

Wageni hawakuja. Mvua zilinyesha, mto ukapiga kelele, mvua zikaanza kupungua. Baba mkubwa alikuwa anapiga simu baada ya misa ya Jumapili. Hakusalimia sana. “Bageni?” aliuliza, na mama alisema bado, naye akasema haya, akakata.

Fundi wa tovuti mama alimpata kwa mwenzake wa kwaya. Alikuwa mtu wa Kitswamba, wilaya yetu hiihii, wa umri wa makamo, aliyekuwa ametengeneza tovuti za shule na za vyama vya wakulima wa kahawa kwa miaka mingi. Alifika mchana, jua la Kasese limemchoma kipara, begi mgongoni. Nilidhani atafungua kompyuta. Aliomba maji ya kunywa, kisha akaomba kuonyeshwa chumba. Akalala kitandani chali, viatu akaviacha vinaning’inia nje ili visiguse shuka langu.

“Kitanda iko sawa,” akasema akiwa mle ndani. “Choo iko wapi? Mgeni akifika na basi la jioni, nani anamfungulia? Anakula nini?”

Mama alijibu yote akiwa amesimama mlangoni. Ndipo fundi akaketi, akasema, “Sasa nionyesheni hiyo websaiti.”

Nilimpa simu. Alitazama muda mrefu, kisha akanyanyuka kidogo kwenye kiti.

“Poleni sana, mama. Mzee alifia hapa ndani?”

“Hapana. Alifia hospitali.”

“Mimi nimeona kama alifia hapa.”

“Haisemi hivyo,” mama akasema.

“Haisemi. Lakini mimi ni mtu wa hapa, msiba naujua, na nimefungua tu nikaanza kuongea kwa sauti ya chini. Sasa mtu yuko Ulaya, anatafuta mahali pa kulala, anafungua, anakutana na mazishi. Na orodha ya wajukuu.” Akanigeukia. “Dada, kuna watu wameandika?”

Nilimfungulia kisanduku. Alisoma kimya mmoja, wa pili, kisha akaanza kutusomea kwa Kiswahili.

“Huyu anasema: poleni kwa msiba, tulitaka vyumba viwili lakini hatupendi kuwasumbua wakati huu mgumu, tutatafuta pengine. Na wewe umemjibu nini?”

“Asante, Mungu awabariki.”

“Huyu anasema: poleni, je, bado mnapokea wageni au mmefunga? Ukamjibu?”

“Asante, Mungu awabariki.”

“Na huyu hata pole hajatoa! Anauliza kama anaweza kuacha baiskeli yake!”

Alicheka mpaka akashika goti. Mama alinitazama. Nilijua hapo ndipo aibu inapaswa kuja, nikaingoja. Haikuja. Nilikuwa naangalia ukucha wa kidole changu kikubwa cha mguu.

“Amejibu alivyofundishwa,” mama akasema. “Mtu akikupa pole unamshukuru. Ulitaka amwambie nini?”

“Hapo umenishinda, mama.”

Nilisema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, kwamba ninaweza kurekebisha mwenyewe. Ni kufuta tu na kuandika upya.

“Unaweza,” fundi akasema, na hakuwa anacheka tena. “Hii kitu ya kujijengea si mbaya. Ni kama nguo ya mtumba. Ukibahatika inakukaa kabisa, na fundi cherehani hapati kitu. Lakini yenyewe haikuulizi swali. Inakupa nafasi, unajaza. Imekuambia weka picha, umeweka. Kazi yangu mimi, nusu yake ni kuuliza.”

“Na nusu nyingine?” mama akauliza.

“Kungoja umeme urudi.”

Mama alimwambia wazi kwamba kwa sasa hana cha kumlipa. Fundi akasema binti wa dada yake anaolewa, na jamaa wa upande wa bwana wanatoka mbali, watahitaji pa kulala. Wakapatana vitanda kwa tovuti. Akamaliza chai yake, akafuta mdomo.

“Lakini mzee atoke ukurasa wa kwanza.”

“Hapana,” mama akasema.

“Tutampa mahali pengine pazuri.”

“Nimesema hapana. Mgeni akifika kwangu anamsalimia kwanza mwenye nyumba.”

“Mwenye nyumba ni nani sasa?” fundi akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

Mama alikusanya vikombe, hata kikombe changu ambacho nilikuwa sijamaliza, akaenda jikoni. Fundi alivaa begi lake. “Nitarudi Jumamosi,” aliniambia. “Mkikataa, basi. Chai ilikuwa nzuri.”

Mama mwenyewe ndiye aliyempigia baba mkubwa. Aliweka simu mezani, sauti ikasikika nyumba nzima.

“Umutoe ndugu yangu?” baba mkubwa akasema. “Kwa nini? Uso yake inanuka?”

“Wageni wanaogopa, shemeji. Wanafikiri tuko msibani.”

“Sasa wewe unataka bageni ao unataka bwana mwingine?”

Niliona mkono wa mama umelala juu ya meza, bapa, kama wa mtu anayezuia kitambaa kisipeperuke.

“Usinitukane kwenye simu niliyokupigia kwa salio langu,” akasema.

“Sijakutukana. Nasema, akitoka pale, ukoo itauliza.”

“Waambie waje walale vyumbani, walipe. Hapo hata bango la babu yenu nitaliweka.”

Baba mkubwa akakata, au salio likaisha. Hatukujua ni kipi.

Siku zilizofuata hatukulizungumza. Mama alisafisha mchele, alikwenda sokoni, alirudi. Nilikuwa namwona amesimama sebuleni mbele ya kabati la vyombo, kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, hafuti. Baba mkubwa hakupiga simu Jumapili ile. Nilijua kwamba mama akimwacha baba pale juu, wageni wataendelea kutupa pole na kwenda pengine, na kiangazi kikifika tutafunga vitu vyetu twende Bwera. Na akimtoa, yule aliyejenga vyumba vyote vitano atakuwa ametolewa kwake na mkewe. Nilijua hivyo vyote viwili kama mtu anavyojua majina ya miezi. Havikuniuma popote.

Ijumaa nilikuwa naanika mashuka. Mama alikuja akapita chini ya kamba, akainua shuka kama pazia, akasimama upande wangu.

“Leta simu.”

Nilifuta mikono nikaitoa simu mfukoni.

“Watu walianua matanga wakaenda zao,” alisema. “Sisi tukamfungulia msiba mwingine humo ndani, kila siku watu wanakuja kumlilia. Hata yeye amechoka. Wewe ndiye uliyemweka. Mtoe.”

Nilifungua. Baba alikuwa pale, nyusi hadi kidevu, njiwa mmoja. Niligusa picha, nikagusa alama ya pipa la taka. Programu ikauliza kama nina hakika. Nikamtazama mama. Alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anatazama simu. Niligusa ndiyo. Pakabaki mahali pa kijivu, na katikati yake kialama kidogo cha mlima na jua, ndicho wanachoweka pasipo na picha.

“Na huu mlima ameuweka nani?” mama akauliza.

“Ni wao tu. Wanamwekea kila mtu.”

Aliutazama mpaka simu ikazima yenyewe. Kisha akasema mashuka yameanikwa vibaya, yatakauka na mikunjo, akayavuta pembe moja baada ya nyingine mpaka yakanyooka. Nilivuta upande wa pili. Tulimaliza kamba nzima hivyo.

Jumamosi fundi alikuja, akaona kijivu kile. Alitoa kompyuta, akaanza kumuuliza mama maswali na kuandika. Mgeni anaweza kuacha mzigo hapa akipanda mlima? Anaweza. Anayerudi ana viatu vya maji, unavikaushia wapi? Jikoni, juu ya waya. Unaongea lugha gani?

“Kiswahili. Kinande changu, na Lhukonzo ya hapa, ni kitu kimoja. Na Kifaransa kidogo, cha shule.”

“Kifaransa!” Fundi aliacha kuandika. “Mbona hamkusema?”

“Programu haikuuliza,” nilisema.

Alinigeukia, akapiga meza kwa kiganja. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema kitu mbele ya mgeni kwa sauti ya kusikika.

Aliuliza kama kuna picha ya baba akiwa kazini. Ilikuwepo moja, iliyopigwa na mgeni zamani: baba amevaa koti la mvua na mabuti, mzigo mgongoni, uso umekunjwa kwa mwanga wa theluji, mdomo wazi kama anamwita mtu aliyebaki nyuma. Fundi aliiweka ukurasa wa pili, na chini yake mama akamwambia aandike kwamba huyu ndiye aliyejenga nyumba hii. Tarehe hawakuweka. Ukurasa wa kwanza fundi alitaka mtu, akasema watu hawalali kwa kuta, wanalala kwa watu. Mama alisimama mlangoni na kitenge cha kanisani.

“Cheka kidogo, mama.”

“Kwa nini?”

“Kwa ajili ya wageni.”

“Wakifika nitacheka.”

Kwa hiyo hacheki kwenye ile picha. Anaonekana kama mtu anayesubiri umalize kusema.

Tovuti mpya ilikuwa bora, hilo hata mimi niliona. Ilifunguka haraka, haikuwa na matangazo ya watu wengine chini, na ujumbe uliingia moja kwa moja kwenye simu ya mama. Ila haikuwa yangu. Ile ya kwanza niliweza kusogeza kila kitu nikitaka, hata kuharibu. Kwa hii fundi alinipa neno la siri linalofungua sehemu ya bei na vyumba tu. Nikitaka kubadili sentensi moja nilipaswa kumwandikia, naye yuko vilimani Bwesumbu kwenye shule fulani, hakuna mtandao, nasubiri. Nilisubiri. Sikuwa na haraka ya kitu chochote.

Kiangazi kiliingia. Barua ya kwanza kwenye tovuti ilikuja kwa Kifaransa, kutoka kwa mwanamume, mkewe na kijana wao. Mama aliisoma akisogeza midomo, akanitajia jibu herufi kwa herufi, nami nikaandika. Walifika na pikipiki tatu kutoka stendi. Mama alitoka nje akawapokea, na ni kweli, alicheka, meno yote, kisha akaingia jikoni na uso wake wa kila siku. Walikwenda mlimani, wakaacha mizigo yao chumba cha tano, wakarudi siku waliyosema wamelowa na midomo imepasuka, wakalala mchana kutwa.

Mchana huohuo baba mkubwa alifika bila taarifa, na mzee wa saruji nyuma yake, mkononi ana utepe wa kupimia. Hawakubisha hodi uani. Mzee wa saruji alikwenda moja kwa moja chumba cha tatu, akasukuma mlango, akarudi nyuma haraka akajikwaa kwenye ndoo yangu.

“Kuko mutu,” akasema.

“Kuko batu,” mama akasema. “Watatu. Mpunguze sauti.”

Baba mkubwa alisimama juani katikati ya ua. Aliona jozi tatu za viatu vikubwa, zimepangwa kivulini. Aliona soksi juu ya kamba. Kisha akanyoosha mkono kwangu. “Nionyeshe hiyo kitu.”

Nilimfungulia. Alimtazama mama wa kwenye simu, akamtazama mama wa uani.

“Ndugu yangu iko wapi?”

Nilimfungulia ukurasa wa pili. Aliichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Midomo yake ilitikisika lakini hakuwa anasoma.

“Hii koti ya mvua ni yangu,” akasema. “Aliazima kwangu, hakurudisha.”

Mzee wa saruji alikuwa anakunja utepe wake polepole, akiuingiza kwenye kikopo chake.

“Na mimi? Mulikosa fasi ya kuniweka?”

“Leta picha,” mama akasema.

Alinirudishia simu. Alikataa kuketi, akanywa chai amesimama, na mzee wa saruji akamnong’oneza kwamba kuna banda Mpondwe karibu na soko, si lazima Kasese. Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa. Getini aligeuka.

“Kiangazi ijayo nitakuja tena kuangalia.”

“Njoo, shemeji. Lakini andika kwanza, nijue kama kuna kitanda.”

Alimtazama, akaenda. Nilidhani mama atasema neno. Alisema tu miguu inamuuma, nami nikamletea kigoda.

Wageni walipoamka walikuwa na njaa. Mama alipika bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki walioletwa asubuhi kutoka Kasenyi, ziwani. Yule mwanamke wa Kifaransa alilishika bundu kwa vidole likamnata, akaniuliza kitu ambacho sikukielewa. Nilichovya vidole vyangu kwenye bakuli la maji, nikamega, nikabonyeza katikati kwa gumba. Alinitazama mkono. Akachovya vyake, akamega, akabonyeza.